Marehemu Hapumui

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, ila lilikaa bure kama kiti cha wageni. Mtaani hakuna aliyelitumia. Wakubwa walimwita Mama Mzembe, watoto wa shule wakamwita Mama Mzembe, na hata yule msoma mita ya umeme, alipopotea njia, aliulizia kwa Mama Mzembe akaoneshwa mlango kwa kidole. Ungemkuta kazini, kwenye duka la dobi, amepiga pasi suruali ya mtu mpaka mkunjo unaweza kukata nyanya, ungejiuliza huo uzembe uko wapi. Uzembe ulikuwa kwenye filamu. Na filamu ikishakupaka rangi, hata dobi hana sabuni yake.

Mambo yalianza akiwa bado mwanamke kijana. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na walikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, mtoto wa kucheka mpaka kwikwi imshike. Siku hizo hakuwa mpiga pasi. Alikaa na watoto wa majirani wakati mama zao wako kazini, na barazani kwake kandambili ndogo zilijaa mpaka mgeni akose pa kuweka mguu. Ndipo wakaja watu wa afya na kamera. Walitaka mwanamke wa kuigiza mama asiyechemsha maji ya kunywa, mtoto wake akanywa, akaugua, akafa. Walizunguka mtaa mzima. Kila mwanamke alitaka kuonekana kwenye filamu, ila kila mmoja alitaka kuwa yule jirani mwema anayechemsha. Nafasi ya kufiwa ilikosa mgombea. Yeye alikubali kwa sababu mwongozaji alimwambia nyumba yake ina mwanga mzuri, na nyumba ile haikuwahi kusifiwa kwa lolote tangu ijengwe.

Mtoto wa kwenye filamu akawa binti yake mwenyewe. Binti alikimbia uani na kikombe, akachota mtungini, akanywa. Akashika tumbo, akakunja uso. Vyote hivyo alivifanya vizuri kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Kisha wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka jeupe toka utosini mpaka vidole vya miguu, na mama akaambiwa alie. Hapo kazi ikakwama. Kila mama alipoanza kulia, shuka lilianza kutikisika.

"Mtoto," mwongozaji akasema, "wewe umekufa."

"Ndiyo," shuka likajibu.

"Sasa maiti anacheka nini?"

"Mama analia kama mbuzi."

Walirudia, wakarudia tena. Mtoto aliziba mdomo kwa viganja viwili, akabana pumzi, akaachia, akabana. Mwishowe mwongozaji akatazama jua linavyomkimbia akasema inatosha, watu watamwangalia mama, nani ataangalia shuka. Na kweli, safari hiyo ya mwisho mama alilia kilio ambacho yeye mwenyewe hakujua kimetokea wapi. Hata mshika kamera alijifuta jicho.

Ukuta wa ghala pale mtaani ndio uliokuwa sinema yao. Gari la watu wa afya lilikuja jioni, likatupa mwanga ukutani, watu wakakaa chini. Sasa, ukuta ule ulikuwa umezoea kuonesha mambo ya kweli: mechi za mpira, ziara za wakubwa, mafuriko ya nchi za mbali. Hakuna aliyewahi kuona uongo pale, ukiacha hotuba. Kwa hiyo sauti nzito ya mwanamume iliposema, "Huyu ni mama wa mtaani kwenu, hakuchemsha maji," watu wakapokea kama taarifa. Asubuhi yake kina mama wa mtaa wa pili wakafika barazani kwake na sukari mkononi na nyuso za msiba, wakamkuta marehemu uani anaruka kamba.

Bibi mmoja alitoka mbio na viatu akaviacha. Waliobaki walikasirika. "Tumelia jana mpaka macho yamevimba," mmoja akasema, "kumbe mtoto mwenyewe huyu hapa?" Alisema kama mtu aliyeuziwa mbuzi akafungua gunia akakuta paka. Sukari wakaondoka nayo.

Kuanzia hapo mama akawa Mama Mzembe, na binti akawa Marehemu. Binti alilipenda jina lake kupita kiasi. Ungesikia jioni mtu anaita, "Marehemu, mama yako anakutafuta, njoo ule," na Marehemu huyo anakuja mbio, soksi moja juu, moja chini. Mama naye alicheka mwanzoni. Kisha kandambili zikaanza kupungua barazani. "Si kwamba naamini, dada yangu," mama wa mapacha alimwambia, akiwa tayari amewashika mapacha mkono, "najua ni filamu tu. Ila baba yao ndiyo amesema." Kila nyumba ikawa na baba aliyesema. Baraza ikabaki na kandambili za nyumbani, naye akaenda kutafuta kazi isiyohusu watoto wala maji ya kunywa. Dobi akampa pasi. Dobi alikuwa mzee mzito wa masikio asiyehudhuria sinema, na hizo mbili zilikuwa sifa zake kubwa.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, binti aliamka na homa na shingo ngumu kama ubao. Tumbo lilikuwa salama. Maji ya nyumba ile yalikuwa yanachemshwa mpaka yanachoka, maana tangu filamu hakuthubutu kufanya vingine. Hospitali walimpokea mchana, daktari akataja homa ya uti wa mgongo, na giza lilipoingia mama alikuwa anarudi nyumbani na nguo za mtoto kwenye mfuko.

Habari ikatembea, lakini ilitembea kwa kuchechemea. Iligonga mlango mmoja, watu wakatazamana. "Ni kweli au ni ile?" Ikagonga wa pili, mtu akauliza, "Sehemu ya pili hiyo?" Wengi walibaki majumbani kwao wakingoja kusikia gari la watu wa afya likinguruma. Waliofika walikuwa wachache, na walikaa upande upande, macho yanapekua pembe za nyumba kutafuta kamera. Mama wa mapacha alikuja na mapacha, amewapaka mafuta wanang'aa, amewavika nguo za sikukuu, akawakalisha mbele penye mwanga. Alipouona mwili na kuelewa, alitoka nje akawavulia viatu vipya palepale, kama anayefuta ushahidi.

Na mama hakulia. Alikaa ukutani mikono mapajani, chozi halikuja hata kwa kuitwa. Jirani wa ukuta mmoja akamsogelea sikioni. Pengine alikusudia mema, mdomo wa watu una njia zake.

"Mbona hulii, mwenzangu? Kwenye filamu ulilia vizuri zaidi."

Mume alirudi na lori lake baada ya mazishi. Akalala siku chache, akaondoka, akarudi, akaondoka, safari zikawa ndefu na nyumba ikawa kituo, mpaka safari moja ikakosa marudio. Alimwachia mimba. Akazaliwa mtoto wa kiume, mwembamba, kichwa kikubwa, na alipoanza kushika makaa na kuchora ukuta mzima wa jiko, watu wakamwita Penseli.

Penseli alimjua dada yake kwa maneno tu, kwa sababu picha haikuwepo. Walikuwa wamepanga kumpeleka binti studio siku atakapoanza shule, amevaa sare. Sare ilishashonwa. Kilichobaki cha sura yake kilikuwa kwenye ile filamu, na filamu mama hakutaka kuiona. Penseli aliiona shuleni. Mwalimu wa afya alizima taa, filamu ikaanza, na ilipofika kwa mama mzembe darasa zima likageuka kumwangalia yeye. Alirudi nyumbani na shati limechanika na jino linacheza. Mama aliuliza, akajibu ameanguka. Mama alijua jino halianguki hivyo, akashona shati.

Kijana akakua, akaingia chuo kusomea uchoraji wa katuni, jambo lililomfanya dobi mzee aulize mara tatu kama kweli kuna mtu anapewa cheti kwa kuchora panya. Jumapili moja mchana akaja nyumbani na kompyuta ya chuo kifuani, ameikumbatia kama kitoto. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, mwalimu ametupa kazi."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe mpe majibu."

"Kila mtu achague filamu iliyopo, aifanye upya iwe katuni ya nyimbo. Wenzangu wamechukua za mangumi. Mmoja amechukua ya mapenzi, analia kabla hajachora."

"Na wewe?"

Penseli akajikuna kisogo. "Nimechukua yako."

Mama akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi sina filamu, mwanangu. Mimi niliazimwa uso."

"Ndiyo maana nimeichukua," akasema, na maneno yakaanza kumtoka mbio kama yalikuwa foleni. Kwenye katuni yake mama hana kosa. Wenye kosa ni vijidudu. Vijidudu wana kofia ndefu na viatu vya kucheza, wanaishi mtungini kama mjini, wana kiongozi mnene mwenye fimbo, na wanaimba.

"Vijidudu wanaimba?"

"Kwa sauti tatu."

"Makubwa. Na mimi?"

"Wewe ndiye staa, mama. Waliozoea kukucheka nataka safari hii wawe upande wako. Na ninataka uimbe mwenyewe."

Mama akamtazama yule mtoto wake mwenye kichwa kikubwa, akaona jino lile lilipokuwa. Akasema, "Hebu iweke niione kwanza."

Akaiweka mezani, juu ya nguo zilizokunjwa. Filamu ilikuwa imefifia, weupe wake umekuwa rangi ya chai. Binti akatokea anakimbia na kikombe, mgongo kwa kamera, kisigino kimoja kikijirusha nje kama cha bata. Uso uligeuka kidogo tu, ukapita. Likaja shuka, na kando yake mwanamke kijana analia, na mama hakumwangalia huyo mwanamke hata kidogo.

"Hapo," akasema. "Rudisha."

Penseli akarudisha. Shuka jeupe lilikuwa limelala, kisha katikati yake likapanda, polepole, likasita juu, likashuka kwa mshtuko mdogo. Likapanda tena.

"Anacheka," mama akasema. "Umeona? Amebana mdomo kwa mikono yote miwili. Alisema ninalia kama mbuzi."

"Ah, hiyo niliiona. Ni kosa la mwongozaji, mama. Kwangu halitakuwepo. Marehemu hapumui."

"Huyu alikuwa anapumua."

Mama alikuwa bado ameinamia kioo, pua karibu iguse.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe na yeye hamkuonana. Alitoka, ukaingia. Nyumba moja, mama mmoja, na hamjawahi hata kugombania kijiko. Mimi nichore utakavyo, nipake uzembe mpaka kwenye nywele, sijali. Vijidudu wavishe hata miwani. Lakini dada yako, kwa mkono wako wewe, mchore mzima. Kwingine kote anaigiza. Hapa ndipo alipo mwenyewe. Usimtoe pumzi."

"Sawa, mama."

"Sawa ya kweli au sawa ya kuninyamazisha?"

"Ya kweli."

Wiki zilizofuata nyumba ile ilikuwa na uhai ambao haikuwahi kuwa nao. Penseli alichora juu ya filamu, picha moja moja, na kila jioni mama akitoka kazini alikuta kipande kipya. Alikuwa mkali kama mteja wa suruali. Hapana, hakukimbia hivi, alirusha kisigino. Kipi? Cha kulia. Vipi? Penseli hakuelewa, basi mama akavua viatu akashika kikombe, akakimbia ukumbini kisigino kikienda nje, mwanamke mzima wa nywele nyeupe, akagonga ndoo, wakacheka wote wawili mpaka wakakaa chini.

Nyimbo walirekodia chumbani. Rafiki wa Penseli, kijana mnene aliyeitwa Spika kwa kuwa sauti yake haikuwa na kitufe cha kupunguza, alikuja na maikrofoni ya kuazima na kusema chumba kina mwangwi, lazima waingie chini ya blanketi. Wakaingia watatu, maikrofoni katikati, jasho likiwatiririka.

"Mama, samahani," Spika akasema gizani, "goti hilo ni lako au la Penseli?"

"La maikrofoni. Imba."

Spika ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijidudu. Akaimba:

*Sisi wadogo, jicho halituoni,*
*mlango wetu kikombe, ukumbi wetu tumboni;*
*mama hana habari, yuko zake jikoni,*
*pigeni viatu jamani, leo harusi mtungini.*

Kisha zamu ya mama. Penseli alikuwa amemwandikia maneno ya kilio, mazuri, yenye vina, mama akayasoma akayarudisha. Akasema mtu aliyefiwa hatafuti vina. Akaimba ya kwake, mafupi, kwa sauti aliyoitumia akipiga pasi mashati:

*Funika vizuri, baridi isimpate,*
*miguu ile, miguu ile;*
*soksi moja juu, moja chini,*
*nani atampandishia.*

Spika, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushusha sauti, akanong'ona kwamba imeingia.

Kazi ilipokaribia kwisha, Penseli akapunguza maneno. Akawa anafunga kompyuta mama anapoingia, si kwa hasira, kama mtu anayefunika chungu kisichoiva. Mama akauliza kama mwalimu ameiona.

"Ameiona."

"Amesemaje?"

"Amesifu vijidudu. Amesema wimbo wako umemwondoa kitini."

"Na pale kwenye shuka?"

"Kuna marekebisho madogo madogo tu, mama. Niache nimalize, nikikuonesha yote leo utaniharibia utamu."

Mama akamwacha. Mtu akishakwambia sawa ya kweli, utamuuliza mara ngapi?

Siku ya kuonesha kazi alimwomba dobi ruhusa. Dobi akauliza anakwenda wapi, akapigiwa kelele sikioni kwamba ni katuni ya mwanawe, dobi akajibu, "Panya, eh?" akampa ruhusa. Alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi mwenyewe. Chumba cha darasa kilikuwa na mapazia meusi na viti vya plastiki. Wanafunzi walimpisha akakaa mstari wa pili, karibu na binti mmoja mwenye daftari. Mwalimu, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuja kumpa mkono akasema, "Karibu, mama. Sauti yako tumeisikia, leo tumeona na mwenye sauti." Hakusema zaidi, na mama akaelewa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mama wa kwenye filamu ndiye yeye.

Taa zikazimwa. Mtungi ukatokea, ukafunguka, mji wa vijidudu ukawaka taa ndani yake, na Spika akanguruma kuhusu harusi. Darasa likavunjika mbavu. Kiongozi mnene alipoteleza kwenye ukingo wa kikombe akaokolewa kwa kofia yake, hata mwalimu alijipiga gotini kwa kiganja. Kisha binti akakimbia uani. Kisigino cha kulia kilienda nje, vilevile kilivyokuwa kikienda, na mama akashika kiti cha mbele yake. Mkono wa ndugu ulikuwa umempata. Alikuwa yeye, wa rangi, na soksi zake, mzima kabisa.

Vicheko vikapungua taratibu. Mtungi ukazimika taa moja moja. Chumba kikatokea, kitanda, shuka jeupe. Mwanamke wa katuni akapiga magoti, na sauti ya mama mwenyewe ikaanza kutoka ukutani: funika vizuri, baridi isimpate.

Mama akasogea mbele kwenye kiti. Akangoja.

Shuka lilikuwa limechorwa vizuri mno. Lilikuwa na mikunjo, lilikuwa na kivuli, vidole vya miguu vilionekana umbo lake kwa chini. Miguu ile, miguu ile, sauti ikaimba. Akangoja lipande. Akajiambia labda amelichelewesha, labda anangoja mstari wa mwisho, mambo ya wasanii hayo. Soksi moja juu, moja chini. Mama alikuwa ameacha kupumua mwenyewe, kama mtu anayemsaidia mwingine kuanza. Nani atampandishia. Wimbo ukaisha, na shuka halikupanda. Lililala vilevile, limenyooka, kama lililopigwa pasi na mtu anayeijua kazi yake.

Hapo ndipo kilio kikamjia. Hakikumuuliza. Kilitoka toka miaka ile yote, kikamkunja katikati, akalia mbele ya watoto wa watu na gauni lake la bluu. Na gizani akasikia kwamba hayuko peke yake. Yule binti wa daftari alikuwa analia, kamasi zikimtoka kama mtoto. Nyuma kulikuwa na mtu anapenga pua. Mwanamume mzima wa mstari wa mwisho alikuwa anasema, "Jamani, katoto," kwa sauti ya chini, anarudia tu, "jamani, katoto."

Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga makofi haraka. Walidhani mama ameguswa na wimbo wake. Wakaanza kumjia pale alipokaa, mmoja mmoja, hawajui waseme nini, wakasema kile ambacho mtu husema. "Pole, mama." Binti wa daftari akamshika mikono miwili. "Pole, mama." Mwalimu mwenyewe akainama, miwani ikibembea. "Pole sana, mama." Naye aliwapokea wote, kila mmoja, akijibu, "Asante, mwanangu. Asante. Tumeshapoa," mpaka foleni ikaisha.

Penseli alimkuta nje kwenye korido, amekaa kwenye benchi la mbao, anajifuta. Akakaa kando yake, kompyuta mapajani.

"Mama."

"Wamecheka sana vijidudu."

"Mama, mwalimu aliandika kwamba maiti anapumua, ni kosa la uchoraji, nirekebishe. Nilitaka kumweleza."

"Ukashindwa na nini?"

Penseli akatazama viatu vyake. "Ningemweleza ningelazimika kusema ni dada. Na wewe ni nani. Angewaambia wengine, wangeanza kunitazama kama shuleni. Wangenipa alama za huruma. Sikutaka huruma, mama."

Mama akafikiri juu ya hilo. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo lakini ilikuwa imechoka njiani.

"Mimi ningeichukua," akasema.

Kijana akafungua kompyuta haraka. "Ninayo bado. Ile niliyomchora anapumua, sikuifuta, angalia, hii hapa. Naiweka sasa hivi. Inakwenda kwenye maonesho ya shule zote, naweza kuwapa hii. Nitamwambia mwalimu kila kitu. Nasema kweli, mama, safari hii ni sawa ya kweli."

Kwenye kioo kidogo shuka likapanda, likasita, likashuka kwa ule mshtuko wake. Alikuwa amelipatia. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo, kikapanda na kushuka kwa macho yake tu, kwa maana kioo kilikuwa kigumu na cha moto kidogo.

"Ukiwaonesha hii, watafanya nini?"

"Sijui. Watacheka, pengine. Wataona hajafa."

"Watauliza sehemu ya pili inakuja lini."

Penseli hakuelewa, akaweka kidole tayari kubadilisha.

"Acha ile ile waliyoiona," mama akasema. "Wamekuja watu leo, mwanangu. Umeona walivyokuja? Hata sikuwaalika." Akaondoa kiganja kwenye kioo, akafunga kompyuta mwenyewe, taratibu, akibana kifuniko mpaka kikalia. "Nenda kairudishe kompyuta yao, nakungoja hapa."

Penseli akaenda. Ndani ya darasa mapazia yalikuwa yamefungwa tena, zamu ya katuni ya mangumi, na mtu wa kwanza alikuwa ameshaanza kucheka.